Protini ya Nguruwe Isiyomjua Nguruwe

Ndugu Mkurugenzi wa Maabara,

Natumaini mashine zenu zote ni nzima na zinanguruma vizuri. Sisi huku bandani tu wazima, ila nyongo imetupanda.

Mimi ni mfugaji wa nguruwe, na ndimi baba wa yule fundi wenu mrefu anayecheka ovyo. Namtaka binti yangu arudi nyumbani kabla majike hawajaanza kuzaa. Sababu ni hizi:

1. Mnatengeneza protini ya nguruwe, ile inayokuza chembe za kinga katika damu yake, bila nguruwe! Naambiwa mlichukua maelekezo ya mwili wake ya kuitengeneza mkawapa bakteria, nao ndio wanaochapa kazi. Nguruwe wangu wamekosa nini hata riziki yao wapewe vijidudu visivyo hata na pua?

2. Protini yenyewe ni unga kiduchu. Huuoni chupani bila miwani na imani. Lakini unalazwa kwenye barafu na kubebwa kama bibi harusi. Nilipokuja kuwatembelea nikaishika ile chupa, binti akanikemea mbele za watu: "Baba wewe! Usiitikise, itaharibika!" Mtoto niliyembeba mgongoni nikikimbiza nguruwe, na hakuharibika.

3. Kibandiko kinasema ni ya utafiti tu, asipewe mtu wala mnyama. Yaani protini ya nguruwe ni marufuku kwa nguruwe! Nimesoma falsafa nyingi, ndugu, sijaona dhuluma iliyoandikwa kwa herufi ndogo namna hii.

4. Nilipouliza faida, nikajibiwa kwamba inaotesha chembe za kinga kwenye visahani, ili chanjo za nguruwe zijaribiwe humo. Tangu lini nguruwe akaugua sahanini? Njooni kwangu, wagonjwa ninao.

Basi, ama mnirudishie binti, ama mumwajiri dume langu kubwa badala ya bakteria. Ana uzoefu wa unguruwe tangu kuzaliwa.

Nisalimieni wote, hata bakteria. Ugomvi wangu ni wa hoja tu.

Wenu asiyekubali kunyamazishwa,
Baba wa Fundi

Baada ya sahihi: Binti ameisoma barua hii. Hakucheka. Amesema, "Haya baba, nimekusikia. Naacha kazi." Ndugu, akikuletea barua ya kuacha kazi, ichane! Wafugaji wenzangu wote wanajua chanjo itapita mikononi mwa mwanangu, na aliyewatangazia ni mimi. Majike nitawazalisha mwenyewe.