Beti Zangu kwa Mahadhi ya Bryn Helyg

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Habari kubwa! Jana mchungaji alitangaza kwamba kanisa linatafuta maneno mapya ya mahadhi ya tenzi yaitwayo Bryn Helyg. Mahadhi hayo ni yetu. Yalitungwa na fundi viatu wa hapahapa kijijini, na sasa Wales nzima inayajua. Maneno yake yameandikwa mara mbili: kwanza na mchungaji mmoja wa zamani, kisha na mjane aliyekuwa na kinu cha kusagia nafaka, na ya mjane ndiyo tunayoimba. Wote wawili marehemu. Nafasi ya tatu ni ya mtu aliye hai. Mimi niko hai.

Jina la mshindi litachapwa chini ya ubeti wa mwisho, katika kitabu cha mkutano wetu wa kuimba wa Jumapili ya Matawi. Idris Pugh. Nimeliandika mara kadhaa kwa herufi ndogo kuona linavyokaa. Linakaa vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Beti nne zimekamilika. Mizani nane, saba, nane, saba. Nimezihesabu kwa vidole mezani hadi Nerys, mke wangu, akauliza kama mkono umepata ganzi. Nikamsomea. Akasema ni nzuri, akaendelea kumenya viazi. Nzuri kivipi? Nilipombana akasema nzuri kama mlango: zinafunguka, zinafungwa. Sijui nishukuru au ninune. Nimefanya vyote viwili.

Alhamisi, 7 Machi

Maafa! Tegid Hopkin naye ameandika. Tegid wa kondoo! Ndiye anayekaa kando yangu kwenye safu ya sauti ya tatu, akimumunya peremende na kushikilia noti ya juu wakati mimi nimeshaishiwa pumzi. Aliingia dukani kwangu kununua misumari, akaniambia nisijichoshe bure, maana muuza misumari huandika kwa nyundo. Nilimpa jibu kali sana. Bahati mbaya alikuwa ameshatoka.

Mchungaji ameamua kwamba Jumapili, kwenye mazoezi, beti zote zitaimbwa, zangu kwanza, halafu waimbaji wachague.

Jumamosi, 9 Machi

Nina mpango. Kila mtoto wa kanisa anajua kwamba maneno yoyote huweza kuvishwa mahadhi yoyote, mradi mizani zilingane. Na yako mahadhi yaitwayo Pant Du, mizani ileile. Mazito, ya huzuni, kama ng'ombe aliyekwama topeni. Hayajaimbwa hapa tangu nilipokuwa mtoto wa kaptura.

Nimemtembelea Bi Eluned, mpiga kinanda, nikiwa na keki ya zabibu ya Nerys. Nikamnong'oneza kwamba Tegid anaona haya kusema mwenyewe, lakini angefurahi mno beti zake ziimbwe kwa Pant Du. Akauliza, Tegid huyuhuyu? Nikasema huyuhuyu. Akatoa kitambaa akafuta pua. Mafua, nadhani.

Jumapili, 10 Machi

Sielewi. Sielewi kabisa.

Zangu zilianza. Kinanda kikapiga Bryn Helyg, watu wakasimama, karatasi zangu mikononi. Mstari wa kwanza, wangu. Wa pili, wangu. Wa tatu, macho yakaanza kupanda darini, na darini hakuna maneno yangu. Wakaimba ya mjane! Wameyajua tangu tumboni. Mahadhi yakiwavuta, midomo inafuata. Kufika ubeti wa pili kanisa zima lilikuwa kwa mjane, Nerys akiongoza. Nikapaza sauti kuwarudisha. Tegid akanipiga kiwiko: "We Idris, unaimba nini, bwana?" Na jambo baya kuliko yote: ubeti wa nne nilijikuta nami naimba ya mjane.

Kisha za Tegid. Kinanda kikaguna Pant Du. Tegid akashtuka, peremende ikamtoka. Nilifurahi kwa muda wa mstari mmoja. Maneno ya zamani ya Pant Du hakuna aliyeyakumbuka, kwa hiyo macho yote yakabaki kwenye karatasi, na kila neno la Tegid likaimbwa. Waimbaji wa besi wakaingia kama ngurumo. Wakafika mistari miwili ya mwisho, wakairudia. Wakairudia tena. Kanisani kwetu hatupigi makofi. Wimbo ukitugusa tunarudia mwisho wake mpaka tutosheke. Hawakutosheka! Wazee walilia waziwazi. Nami nililia, ingawa sina hakika kwa sababu gani.

Bi Eluned akasimama kutangaza kwamba Tegid mwenyewe ndiye aliyeomba mahadhi hayo, na kwa unyenyekevu hakutaka ijulikane. Tegid akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mwizi!

Wakati wa chai nilitaka kusema kwamba mwenye akili ni mimi. Lakini "nilitaka kumharibia" ni maneno magumu kutamka mbele ya mchungaji. Nikajimiminia kikombe kingine.

Nyumbani Nerys akauliza keki yake ilifikaje kwa Eluned. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akauliza: umekulia nchi gani, mume wangu, hata uwape watu hawa wimbo wa kuliza ukitegemea wachukie?

Jumatatu, 11 Machi

Mchungaji amepita dukani. Za Tegid zitachapwa pamoja na Pant Du, jina lake chini. Bryn Helyg yanabaki na mjane. Akanipa pole na kununua bawaba.

Nimetafakari kwa utulivu na nimeliona kosa langu. Nilimpa Tegid mahadhi mazuri, mwenyewe nikabaki na ya kawaida. Halitajirudia. Sikukuu ya Mavuno mchungaji atataka tena maneno mapya, na nimeshamwomba Nerys keki nyingine. Amefungia zabibu kabatini.

Nimeanza beti za kuliza kwelikweli, kwa mahadhi ya Pant Du. Tangu asubuhi kila mteja anaingia akiyaimba, maneno ya Tegid neno kwa neno, bila karatasi. Mpaka Mavuno hapatakuwa na mtu bondeni asiyeyajua kwa moyo. Safari hii nitashindwaje?