Paa la Marehemu

Fundi Pasi alipewa jina hilo kwa sababu ovaroli yake ilipigwa pasi kila asubuhi, mikunjo ikasimama wima. Mafundi wengine hunuka grisi. Yeye alinuka sabuni. Wateja wake walidhani huo ni ustaarabu, na mpaka wagundue kwamba mtu huyo hagusi spana, magari yao yalikuwa yameshauzwa vipande vipande kwa bei ya rambirambi.

Siku hiyo alikuwa akipita na pikapu yake kwenye mtaa uliotulia alipoona, ndani ya geti lililoachwa wazi, gari jekundu lenye paa la kitambaa, yale yanayokunja paa yenyewe ukibonyeza swichi. Mwanamke wa makamo, kichwani kajifunga kitambaa cheusi, alikuwa amekaa kwenye usukani. Anabonyeza, anatazama juu, anatikisa kichwa. Anabonyeza tena.

Pasi akakanyaga breki. Huruma ilimjaa moyoni, kama inavyomjaa paka anapoona panya mwenye kilema.

Na safari hii haikuwa njaa tu, yalikuwa mapenzi. Pasi alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na shangazi, na shangazi ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani kwao. Shangazi aliitazama pikapu mara moja tu, akatamka: "Binti yangu hapandi toroli." Ilikuwa pikapu nzima, ya milango minne, injini haijawahi kumsaliti, na ndiyo iliyomlisha. Lakini shangazi ni shangazi. Pasi akaapa kwenye simu kwamba ana gari jingine, la wazi, liko gereji linapakwa rangi, na jioni hiyohiyo angewapitia. Asipolileta, uchumba basi.

"Hodi, mama! Nimekuona unahangaika, nikashindwa kupita."

"Karibu, mwanangu. Gari la marehemu mume wangu hili. Paa limegoma. Wewe fundi?"

"Wa haya haya. Mengine siyagusi, yananishushia hadhi."

Mama akamkaribisha ndani maji ya kunywa. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu, mwanamume mwenye masharubu mazito na pengo la jino la mbele, akicheka. Pasi akasimama mbele ya picha, akainamisha kichwa, akaomba dua ndefu yenye kupanda na kushuka.

"Mungu amlaze mahali pema. Hata sura inaonyesha, mama. Huyu hakuwahi kumdhulumu mtu."

"Kamwe," mama akasema, akajifuta jicho.

Wakatoka kwenda kumtazama mgonjwa. Pasi akafungua buti, na hapohapo akaona ugonjwa. Ndani ya buti la magari hayo kuna kizuizi kinachotenganisha mizigo na nafasi ya kukunjia paa. Kisipobanwa kwenye klipu zake, gari hudhani mizigo itapondwa, hivyo paa haliendi popote. Klipu moja ilikuwa imeachia. Dawa yake ni kidole gumba.

Pasi akashusha pumzi ndefu, ya msiba.

Akapiga magoti, baada ya kutandika gazeti. Akachungulia tangi dogo la mafuta ya pampu: limejaa pomoni. Akafurahi kimoyomoyo. Akaona pia kwamba mazulia yamefuliwa, na kile kitambaa cha darini, juu ya kioo cha mbele, kimesuguliwa mpaka kimepauka. Mjane msafi, akajisemea. Kisha akaweka bisibisi kwenye pampu, mpini sikioni, akafumba macho.

"Vipi, mwanangu?"

"Kimya, mama. Pampu imekata roho. Ikifa pampu inaua mabomba, mabomba yanaua nyaya. Hapa hatuzungumzii matibabu tena, tunazungumzia mazishi."

"Maskini! Lakini juzi lilifunguka. Hebu nibonyeze hapa mbele yako, huenda..."

"Usiguse!" Pasi aliruka mpaka gazeti likapeperuka. "Ukibonyeza tena linashika moto na wewe umo ndani!"

"Basi wewe ndiye fundi, bonyeza wewe. Mie nitasogea."

"Mama, mimi mchumba wangu bado ananihitaji."

Hapo, msomaji, tumwonee imani kidogo. Daktari aliyekwisha kutangaza kifo hawezi kuomba ampime maiti presha. Pasi alitamani sana kulijaribu paa lile, lakini uongo wake mwenyewe ulikuwa umemfunga mikono, na kwa kuwa ugonjwa ameshauona kwa macho yake, aliona hapana haja.

"Nitalipeleka wapi sasa?" mama akalia. "Linanikumbusha tu."

"Mtu mwingine angekwambia ukauze chuma chakavu. Mimi nimekulia kwa mama mjane. Chukua pikapu yangu, nami nibebe msalaba huu. Nitanyofoa viti na taa, nitajikimu."

Mama akaitazama pikapu kwa mashaka. "Inawaka?"

"Hata ukiipigia mluzi."

"Mie magari siyajui, mwanangu, utaniwia radhi." Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akapiga mateke matairi yote, likiwemo la spea. Akaiwasha, akaizungusha uani, akafunga breki ghafla, akarudi kinyumenyume hadi getini bila kugusa nguzo. Kwa mtu asiyejua magari alijitahidi sana, na Pasi alimpongeza. Wakabadilishana kadi na funguo. Mama akambariki.

Kona ya pili tu Pasi alisimama, akabana klipu kwa kidole gumba, akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, ukingo wa paa ukajiinua taratibu. Akaliachia lirudi. Kufunguka kwenyewe alitaka kushuhudiwe na watu wake.

Jioni shangazi alikaa nyuma na binti yake, kavaa nguo alizokuwa akizitunzia harusi. Walipoingia barabara kuu ya kutokea mjini, Pasi akaegesha kando na kusema, "Shangazi, tazama juu." Akabonyeza. Paa likapaa, likajikunja mara mbili, likalala ndani ya buti kama shuka. Wapita njia wakasimama. Shangazi, ambaye hajawahi kumsifu mwanamume, akasema, "Ah."

Hilo ndilo lililokuwa kilele cha maisha ya Fundi Pasi.

Akaondoa gari. Tone la kwanza aliliona ni la mvua, kwani wingu lilikuwa limetanda. Lakini mvua haiwi ya kijani, wala haitelezi. Lilitoka juu ya kioo cha mbele, likamdondokea kwenye paji la uso. La pili likaangukia ovaroli. Halafu yakaja kwa mfululizo, mafuta yote ya pampu, na kwenye kona upepo ukayarusha kifuani mwa shangazi. Pasi akasimama kando ya barabara, akabonyeza kufunga. Pampu ikalia kavu. Akabonyeza tena. Ndipo mvua yenyewe ikashuka, na hiyo haikuwa na klipu.

"Funga paa!" shangazi akapiga kelele.

"Linakuja, shangazi!"

"Linatokea wapi?"

Nyuma yao ikasimama pikapu ya milango minne, makochi na magodoro yamepakiwa chini ya turubai. Dereva akashusha kioo kidogo. Masharubu mazito. Akacheka, na pengo likaonekana. Kando yake mama wa asubuhi, kichwa wazi, anatafuna karanga.

"Wewe... wewe si marehemu?" Pasi akauliza.

"Niliamka," akasema marehemu. "Usihangaike na swichi, fundi. Sili za mbele, ile mipira inayozuia mafuta, zimekwisha. Ukilijaza mafuta linafunguka vizuri mara moja. Kufunga, mafuta yanakuwa yameshamwagika. Mwenyewe niliuziwa na mjane mmoja, mtu wa machozi sana."

"Kina mama, msilowe," mke wake akaita. "Ingieni nyuma, tunaelekea hukohuko."

Shangazi alishuka bila kugeuka, akamshika binti mkono, na wote wawili wakapanda toroli.

"Pikapu nzuri hii," binti akasema, akifunga mlango. Pasi alisikia. Ilimuuma kuliko mafuta yaliyokuwa yanamwingia jichoni.

"Halafu, fundi," marehemu akasema, akipandisha kioo, "kitambaa cheusi kingine, kama kile cha asubuhi, tumekuachia kwenye buti, chini ya spea. Ila kazi hii inataka uwe na mke."