Kila Samaki na Kibanja Chake

Jumatatu, 4 Novemba 2024, Ihanda

Binti yangu Noela, muuguzi wa zahanati kule Kibingo, amepita na gari la lifti akienda semina Mwanza. Ameniachia samaki sita. Si wa kula. Nimeuliza mara mbili. Kila mmoja hafiki urefu wa kidole changu cha mwisho: mstari wa buluu ubavuni, wekundu kuelekea mkiani. Wanaishi kwenye tangi la kioo. Anawaita neoni.

Akatoa maagizo. Chakula kiwe kidogo, cha kubana kwa vidole viwili. Maji yao yasimwagwe. Na wasitenganishwe hata kidogo, maana ni samaki wa kundi. Nimeitikia yote. Nimelea watoto watano na migomba isiyo na idadi. Semina ni ya wengine.

Jirani yangu Rogasian alikuwa anachungulia. Tuligombana mwaka juzi kuhusu milamula, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa vibanja vyetu vya migomba. Zamani alikuwa anakuja kila jioni kutafuna kahawa. Marehemu mke wangu Eustadia alipozikwa, mpaka ule ukaanza kunikera ghafla. Sasa hatusalimiani, tunakoholeana tu. Leo kakohoa mara mbili. Wivu huo. Ana bwawa la sato, na hakuna mgeni anayepita bila kuonyeshwa. Sasa na mimi ni mfugaji.

Jumanne, 5 Novemba

Nimewachunguza. Tangi zima ni lao, lakini wote wamejibana kona moja. Mmoja akigeuka, wote wanageuka. Hakuna mwenye nafasi ya kunyoosha hata mkia.

Nimegundua tatizo. Mkulima yeyote wa ndizi anajua kwamba shina lenye machipukizi mengi halitoi mkungu wa maana. Unapunguza, unaacha nafasi, mgomba unanenepa. Hawa ni wadogo kwa sababu wamebanana! Noela ni msomi lakini hajawahi kupunguza machipukizi.

Mpango: kila samaki na kibanja chake. Akirudi atawakuta wanene kama magunzi. Rogasian atakohoa mpaka achoke.

Nimeazima chupa sita za asali kwa Celestina, mke wa Rogasian, mumewe akiwa bwawani. Celestina aliuliza za nini. Nikamwambia ni mambo ya kilimo. Nimezipanga dirishani, samaki mmoja kila chupa, na katikati ya chupa na chupa nimesimamisha jani la mulamula, asije mtu akatamani cha mwenzake. Maji yaliyobaki kwenye tangi nimemwagia mgomba wa jikoni. Nao ni kiumbe.

Jumatano, 6 Novemba

Senene wameanguka! Na tangi la Noela limesaidia sana, maana kuta zake zinateleza, panzi hao hawapandi. Limejaa. Nimekaanga mpaka nimesahau kwamba ninafuga.

Samaki wametulia. Kila mmoja kalala chini kwenye chupa yake kama mwenye shamba baada ya mavuno. Chakula kinashuka, hawakitazami. Nadhani wameshiba nafasi. Nimejaribu kumpa mmoja chembe ya senene. Akarudi nyuma. Hana shukrani.

Ijumaa, 8 Novemba

Noela kapiga simu. Shikamoo Tata, samaki wanaendeleaje. Nikasema vizuri, wana nafasi ya kutosha. Akauliza, nafasi? Mtandao, nadhani.

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Aliporudi Kibingo baada ya kumzika mama yake, chumba kilikuwa kimya mno, chakula hakipiti kooni. Ndipo akatafuta wale samaki. Jioni anakaa anawatazama wanavyogeuka wote pamoja, halafu anaweza kula. Akaniomba niwatunze. Nikamwambia wako salama.

Nikaenda kuitazama hiyo salama yao. Buluu imefifia kama shati lililofuliwa kwa majivu. Yule mdogo kuliko wote, wa chupa ya mwisho, kalala kiubavu. Nimekaa chini. Nimeogopa, na ninaandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma humu.

Mara Rogasian mlangoni, kafuata chupa za mkewe. Akaona. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake, hakucheka. Alisema hata mbuzi ukimfunga peke yake hali majani vizuri. Hawa hawaumwi, wamekosa wenzao. Nikamjibu kwamba mbuzi si samaki. Akaziacha chupa, akaondoka.

Baadaye nimeyatoa majani ya mulamula. Si kwa sababu ya Rogasian. Yalikuwa yamekauka. Wote wakageuka, wakajibandika kwenye kioo upande wa chupa ya jirani. Hata yule mdogo aliinua kichwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Wanarudi kwenye tangi. Nimeamua mwenyewe.

Shida ni maji. Pipa langu la mvua limepasuka, na maji ya kisima yanauma meno kwa ubaridi. Maji mazuri ya mvua, yaliyokaa na kupata jua, yako kwenye pipa la Rogasian. Mpango: niende na kikombe kama mwenye kiu, nirudi nacho kimejaa, niende tena. Safari ya pili Celestina aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni chumvi ya senene.

Sikufika safari ya tatu. Rogasian kaja mwenyewe na ndoo mbili, kapita katikati ya milamula, kavunja miwili. Nikayameza maneno. Tukasuuza tangi mpaka harufu ya senene ikaisha. Tukawamimina mmoja mmoja, pamoja na maji yao ya chupani, taratibu. Watano walionana kabla sijaweka chupa chini. Yule mdogo akazama.

Rogasian akavuta kigoda. Na mimi nikavuta changu. Nikatungua kikapu kidogo cha Eustadia, kile cha kahawa ya wageni, ambacho hakijatoka kwenye msumari tangu msiba. Tukatafuna.

Wale watano wakashuka chini, wakapita alipo mwenzao. Wakapita tena. Waliporudi kwa mara nyingine akajinyanyua, akawafuata nyuma, akiyumba. Kabla kahawa haijaisha, kundi liligeuka lote kwa pamoja, na mle ndani sikuweza tena kujua yupi ndiye aliyekuwa mgonjwa. Rogasian akajifuta macho, akasema ni kahawa. Kahawa ya kutafuna haina moshi. Sikumwambia.

Alhamisi, 14 Novemba

Noela karudi. Kawakuta sita, wamekoza buluu. Kamkuta na Rogasian, kwenye kigoda kile kile, maana tangu Jumamosi hajakosa jioni hata moja. Eti anakagua maji. Noela akamtazama yeye, akanitazama mimi, akakitazama kikapu cha mama yake mezani. Akanishika mkono muda mrefu.

Akaniomba tena nihamie kwake Kibingo, nisikae peke yangu. Nikamwambia mtu mzima hahitaji kundi, mtu mzima ana kibanja chake. Akasema sawa, Tata. Alikuwa anavitazama vigoda viwili. Kaondoka na samaki wake.

Dirisha limebaki tupu. Jioni Rogasian kaja kama kawaida. Nikamwarifu kwamba samaki wameondoka. Akasema anajua, ameliona gari. Akakaa. Maskini, ni mtu asiyeweza kukaa peke yake. Nimemvumilia kwa huruma tu. Milamula nimeipanda upya, ila nimeacha mwanya upana wa mtu mmoja, asije akaivunja yote.

Nilipokwenda kufunga kuku nimeona jambo. Banda lina fito tatu, lakini kuku wote saba wamejibana kwenye ufito mmoja, bawa kwa bawa. Ndiyo maana mayai ni madogo! Kesho kila kuku na tenga lake. Nikamuuliza Rogasian kama ana matenga saba. Akanitazama sana. Akasema anayo, atayaleta mwenyewe asubuhi, na atakaa aone yatakayotokea.

Nimeshajaza kahawa kwenye kikapu.