Namba Yangu na Namba ya Bi Verlene

Jumapili, 28 Desemba

Mashine ya kupimia damu imefika! Ndogo, inaenea kiganjani. Nimeiweka juu ya friji ili Raelynn asiifikie. Ana miezi tisa na kila anachokiona kwake ni chakula.

Tangu nimzae huyu mtoto, moyo wangu una vali ya chuma. Inalia tik, tik, tik. Kanisani watu hudhani nimevaa saa. Raelynn halali bila kuisikia. Kwa sababu ya hicho chuma nameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, kila jioni, maisha yangu yote. Damu ikiwa nzito, bonge linaganda kwenye vali, linapanda kichwani, kwaheri Keyona. Ikiwa nyepesi mno, navuja. Pa kuishi ni katikati: mashine isome mbili na nusu mpaka tatu na nusu. Namba ndogo ni damu nzito.

Leo: tatu nukta moja. Safi kabisa!

Nesi Patrice wa kliniki amesema tunajaribu kwanza. Kila Ijumaa nijitoboe kidole, nimpigie simu, nimsomee namba. Sehemu aliyoiacha nimeielewa mwenyewe: namba zikiharibika wananinyang'anya mashine na kunilaza. Niliporudi kutoka kulazwa mara ile namba ilipoharibika, Raelynn alinitazama kama mgeni, akamshika bibi yake shingoni. Sirudii hayo. Afadhali nile mashine.

Baada ya ibada Bi Verlene amekuja kunipongeza. Yeye ndiye anayetuonyesha viti kanisani, glavu nyeupe, kofia kubwa kama sinia. Moyo wake hupiga ovyo, kwa hiyo anameza dawa kama yangu na ana mashine kama yangu. Akaniuliza nina ngapi. Nikamwambia. Akasema yeye ni mbili nukta saba, wiki zote, tangu anunue ile kofia ya zambarau. Akanipigapiga begani, akasema na mimi nitatulia tu, mwanangu, ujana ndio unaoichemsha damu.

Ujana! Nitamwonyesha.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepata njia ya kumshinda Bi Verlene. Mboga za majani huifanya damu iwe nzito. Nesi alisema nisiziache, nile kiasi kilekile kila wiki. Kiasi kilekile. Sifuri nayo ni kiasi! Mwezi mzima sijagusa jani, na namba yangu imesimama kama askari. Wameshanipangia dawa kufuata namba hiyo. Nikiendelea hivi, hanipati mtu.

Mume wangu Marquell amerudi kutoka kiwanda cha kambare ananuka kambare. Akanikuta nimefumba macho nikifanya mazoezi ya kujitoboa. Nilikuwa nimetoboa kitambaa cha meza. Amecheka mpaka akakaa chini. Ameuliza kama kitambaa nacho kina vali.

Jumatano, 31 Desemba

Hatari. Mama Odessa, mama mkwe wangu, ameingia na gunia la sukuma.

Nilisahau Mwaka Mpya! Kesho kila mtu Mississippi nzima anakula kunde na sukuma. Kunde ni bahati. Sukuma ni hela, kila jani ni noti. Mwaka Mpya uliopita nilikula kijiko kimoja kwa sababu ya kichefuchefu cha mimba, na mwezi wa tatu kiwanda kikampunguzia Marquell zamu. Mama Odessa hajasahau. Amesimama kwenye sinki anaosha majani maji ya tatu, anaimba, kisha ananiambia bila kugeuka kwamba mwaka huu binti ataila hela ya mume wake mbele ya macho yake.

Nikamwambia kuhusu damu. Akasema damu yake imekula sukuma miaka sitini na saba na bado inazunguka.

Nina mpango. Nitakaa karibu na Marquell. Akigeuka, majani yanahamia kwake.

Alhamisi, 1 Januari

Siku ya balaa.

Asubuhi, kabla ya wageni, nilijipima kwa siri. Nilitaka kujua nina akiba gani. Tatu kamili! Lakini kidole kikakataa kufunga, na damu ikaanguka kwenye kitambaa cheupe cha Mama Odessa, kile cha harusi yake. Nikakiingiza kwenye beseni la kuogea na sabuni. Nimesugua, nimesuuza, maji yamekwenda, ndipo nikakumbuka. Hakuna anayefua Mwaka Mpya! Ukifua siku hii unamfua mtu wa familia, anakwenda na maji.

Nimekaa ukingoni mwa beseni. Nimetaja kila mtu wa nyumba hii kwa jina. Nikafika kwa Raelynn nikaruka haraka nikajitaja mimi. Kama lazima, basi mimi. Halafu nikaomba isiwe lazima.

Mezani mambo yakazidi. Bi Verlene amealikwa! Akaketishwa mbele yangu. Marquell akaketishwa mwisho wa meza, mbali na mkono wangu. Bi Verlene akajipakulia bakuli moja la sukuma, polepole, kama mtu asiye na vali wala wasiwasi. Akasema yeye hula bakuli moja kila Alhamisi, ndiyo siri yake. Kisha akaangalia sahani yangu tupu, akasema vijana wa siku hizi wanaogopa mpaka chakula.

Nikala bakuli moja. Mama Odessa akapiga makofi. Bi Verlene akasema, "Haya, katoto kameanza kula." Nikala la pili! Marquell akaanza kunikonyeza niache. Nikala la tatu. Mama Odessa, machozi yanamlengalenga, akanimiminia kikombe cha ule mchuzi wa kijani uliobaki chini ya sufuria pamoja na kongoro la nguruwe, akasema sijawahi kuwa binti yake kama leo.

Nimeunywa wote. Ningefanyaje?

Ijumaa, 2 Januari

Asubuhi nimekula tena, kiporo, Mama Odessa amesimama juu yangu. Saa ya kumpigia Nesi ikafika. Nikajitoboa.

Moja nukta sita.

Nikadhani mashine imekosea. Nikatoboa kidole kingine. Moja nukta sita.

Raelynn alikuwa sakafuni anagonga mfuniko wa sufuria, anacheka, na mimi nilikuwa naona bonge linajikusanya kwenye chuma changu, dogo, jeusi, linasubiri zamu yake. Nimpigie Nesi? Wananilaza leo hii. Wanachukua mashine. Mtoto ananisahau mara ya pili. Na kitambaa nimekwisha kukifua.

Nikafikiri sana. Namba haiwezi kubuniwa tu, mashine inatunza kila namba ndani yake na Nesi anaweza kuja kuitazama. Basi namba nzuri lazima itoke kwenye mashine yangu; zile mbili za mwanzo nitasema nilitoboa vibaya. Damu nzuri iko wapi? Nyumba ya tatu, chini ya kofia!

Nimemwita Bi Verlene. Nimemwambia vidole vyangu vinanishinda, anionyeshe mtu anayejua anavyofanya. Alikuja mbio, hata aproni hajavua. Akaosha mikono kwa maji ya moto, akakitikisa kidole chini, akajitoboa kwa sindano yake mwenyewe. Tone likasimama kama shanga, nikalisogezea mashine yangu. Mbili nukta saba! Akaniambia, "Umeona, mwanangu? Kidole hakikamuliwi. Kinabembelezwa." Nikamshukuru mara nyingi mno. Akaondoka amenyoosha shingo.

Nikampigia Nesi. Mbili nukta saba, nikasema. Akasema hongera, Keyona, unaona ulivyo mwepesi wa kujifunza.

Nimepona. Nadhani nimepona.

Jumamosi, 3 Januari

Raelynn hataki kulala.

Nimemweka kifuani mchana, pahala pake pa siku zote. Akatega sikio. Akaniangalia. Akalia. Nimejaribu upande wa pili, nimejaribu kutembea naye. Analia tu. Ndipo nikajiuliza yeye anasikia nini. Au hasikii nini.

Nimezima redio, nimezima feni ya jikoni. Nimeziba masikio nisikilize kwa ndani. Tik ipo. Lakini si kama jana. Imefifia, kama mtu anagonga mlango akiwa amevaa soksi. Nimemwita Marquell aweke sikio. Amesema anasikia tik. Nikamwuliza tik ya aina gani. Amesema tik ni tik, mpenzi, ulitaka iimbe?

Sikumwambia. Nimevaa sweta mbili damu isigande. Nimemeza kidonge cha ziada, halafu nikaogopa kuvuja, nikakaa nimebana pua. Nimemwandalia Raelynn nguo za wiki nzima, zimekunjwa, soksi juu ya kila moja, ili yeyote atakayemvalisha asihangaike. Nimeziangalia zile soksi nikalia.

Kesho baada ya ibada nitasema. Hapana, Jumatatu. Labda namba itapanda yenyewe.

Jumapili, 4 Januari

Mungu wangu.

Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda wa mwaka mpya. Bi Verlene akasimama, kofia na yeye. Akashukuru kwa afya. Akasema damu yake ni mbili nukta saba. Kanisa likaitikia. Akasema, "Na si kwenye mashine yangu tu! Ijumaa hii hii nimekwenda kumfundisha mama Raelynn, nikajitoboa kwenye mashine yake, ikatoa mbili nukta saba!" Kanisa likapiga makofi.

Nesi Patrice huimba kwaya. Sauti ya juu, mstari wa mbele.

Nilimwona anaacha kupiga makofi. Alinitazama. Nikainamia kofia ya mtoto kana kwamba ina maandishi. Wimbo umeanza, yeye ameshuka jukwaani na joho lake, amepita katikati ya watu, ameniinamia sikioni. Yako ilikuwa ngapi? Nikasema si aliisikia Ijumaa kwenye simu. Akasema ameisikia ya Bi Verlene. Yangu ngapi?

Moja nukta sita, nikasema. Na kidonge cha ziada. Na nimefua.

Kufua hakukuelewa. Akaniinua kwa kiwiko. Raelynn akabaki kwa Mama Odessa, ananyoosha mikono kwangu, na mlango ukafungwa katikati yetu. Nesi ameendesha gari mpaka hospitali na joho la kwaya, mimi nahesabu nguzo za umeme nisijisikilize kifua.

Wamenipaka ute wa baridi, wameutazama moyo kwenye kioo. Mtaalamu alisogeza kipimo chake huku na huku kifuani mwangu. Nilitaka kumwuliza, nikaogopa kwamba atajibu. Mwishowe akasema vali inafunguka na kufunga vizuri. Hakuna bonge. Nilimshika mkono uliojaa ute nikakataa kuuachia.

Raelynn, kumbe, anaota jino. Mama Odessa amelipapasa kwa kidole leo.

Nesi akakaa kwenye kitanda changu. Akasema hakuna aliyewahi kunyang'anywa mashine kwa sababu ya namba mbaya. Namba mbaya wanajua kuirekebisha, ndiyo kazi yao. Namba ya mtu mwingine hawawezi kuirekebisha. Na kidonge cha ziada nisimeze tena bila yeye kusema. Akasema ungekufa, Keyona, na kwenye faili ungekuwa mzima.

Nimelia. Yeye naye kidogo.

Silazwi! Nimepewa sindano za tumboni za kuzuia bonge, asubuhi na jioni, nizichome nyumbani hadi namba irudi mbili na nusu. Sukuma bakuli moja kila wiki, si sifuri, si matatu. Na kila namba nimtumie picha ya kioo cha mashine. Nimeapa. Kwa moyo wote, na chuma chake.

Jumatano, 7 Januari

Mbili nukta moja. Nimetuma picha kama binti mwema. Tumbo limekuwa la rangi ya zambarau. Marquell anafumba macho nikijichoma, sasa nani anacheka?

Bi Verlene amekuja. Nilidhani atanisema. Akakaa jikoni, akavua glavu, akanung'unika kwamba ningemwambia ukweli angenibeba mgongoni hadi hospitali, mpumbavu mimi. Kisha akauliza nina ngapi. Nikamwambia. Akasema, pole, yeye ni mbili nukta saba.

Mwanamke huyu!

Ijumaa, 9 Januari

Mbili nukta nne.

Nne! Kanukta kamoja tu nimalizane na sindano! Tumbo halina tena mahali pa kuchoma. Raelynn akinipanda mapajani napiga kelele, naye anaogopa. Na jino lake limetoka leo, nataka kumbeba siku nzima bila kuumia. Mama yupi asingetaka hivyo?

Nimepiga picha. Kidole gumba kimeangukia ile nne. Kimeangukia chenyewe, karibu. Nikamwandikia Nesi kwamba ni mbili na nusu, mwanga ni mbaya.

Amejibu kwamba ni kidole kizuri sana, namba iko wapi.

Nikajibu simu inaisha chaji.

Sasa nasikia gari uani. Ni lake. Napaka losheni mikononi, wala sina wasiwasi. Akifungua mlango tu nampakatisha Raelynn, mtoto atacheka amwonyeshe jino. Hakuna mtu duniani anayeweza kumdai mama namba huku amebeba jino jipya.