Kitabu Bora cha Mwaka, Nisichokisoma

Jumatatu, 2 Desemba

Hili sijamwambia mtu, hata kaka tunayelala chumba kimoja. Kitabu nilichokiweka namba moja sijakisoma. Hata nailoni yake sijaipasua.

Mkutubi wa shule ndiye aliyenipa kazi ya kuchagua vitabu vipya vitano bora vya mwaka. Anasema mimi mkimya, na wakimya ndio wasomaji. Jamani! Mkimya ni mkimya tu. Maelezo nimenakili kwenye majalada ya nyuma, nikayaandika kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, ili yaonekane yamefikiriwa.

Namba moja nimempa mama mdogo. Ndiyo riwaya yake ya kwanza. Mama anasema isiposomwa, mdogo wake hatashika kalamu tena. Sasa ningefanyaje?

Jumanne, 3 Desemba

Orodha imebandikwa mlangoni mwa maktaba. Kamusi, mwenzangu wa darasani anayesahihisha hata matangazo ya kantini, kasimama mbele yake akasema orodha za vitabu bora ni porojo tupu, kila mtu humsifia shangazi yake. Nikamwambia huyu si shangazi, ni mama mdogo.

Nani alinituma kufungua mdomo?

Lakini kufikia mapumziko nakala zote zilikuwa zimeazimwa. Kumbe orodha zina nguvu! Nimetembea kifua mbele hadi jioni.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeingia darasani, mtu akalia nyau. Kisha benchi zima. Nikainama kumtafuta paka. Wakazidi kucheka.

Kaka kanionyesha ukurasa wa mwanzo wa kitabu: "Kwa mtoto wa dada yangu, shujaa wa sura ya sita." Nikajifungia chooni na sura ya sita. Mtoto anakojoa kitandani, anamsingizia paka. Paka anagawiwa kwa watu wa mbali. Ni mimi! Hadi lile shuka lenye picha za treni.

Na wa kulaumiwa si mama mdogo. Mwezi wa tatu aliniletea mswada, akaniambia mwanangu, isome sura ya sita, ukisema hapana naitoa. Nikauweka chini ya godoro. Aliporudi nikamwambia ni nzuri mno, asiguse hata nukta.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepata mbinu. Asubuhi, kabla watu hawajafika, nimebandika karatasi isiyo na jina: "Orodha hazina maana. Soma kinachokufurahisha." Kamusi kaisoma kwa sauti, akasema hatimaye shule hii ina mtu mwenye akili. Siku ya kwanza kusifiwa na Kamusi, na siwezi kusema ni mimi!

Kisha nikakishusha kitabu hadi namba tano. Balaa. Uvumi ukaenea kwamba kimeshushwa kwa kuwa kina mambo ya watu wazima. Sasa hata walimu wanakitafuta. Mkutubi hajiwezi kwa furaha. Kamwalika mama mdogo aje kesho kusoma mbele ya shule nzima.

Ijumaa, 6 Desemba

Mama mdogo kasoma sura ya sita. Kaitangaza kwa fahari: shujaa mwenyewe ameipitia na kuikubali. Kila shingo ikanigeukia. Ukumbi ulicheka hadi paka alipotiwa kwenye kikapu. Hapo mwalimu wa hesabu akavua miwani akaifuta.

Kamusi akainua mkono, akauliza kama yule mtoto alikuja kusema ukweli. Mama mdogo akatabasamu, akasema muulizeni mwenyewe, si huyo hapo.

Nikasimama. Ilikuwa nafasi yangu. Nikasema kwamba, hata hivyo, yule paka alikuwa na tabia mbaya.

Nimeona haya kwa lugha zote mbili.

Jumapili, 8 Desemba

Mama mdogo yuko kwetu tangu mchana. Uso unang'aa. Shule imeagiza nakala zaidi, na kitabu cha pili ameshakianza. Amesema kilichompa moyo si orodha, ni mimi, msomaji wake wa kwanza. Nusura nipaliwe na maji.

Kisha, mbele ya mama, kaniuliza mwisho wa kitabu nimeuonaje. Nikasema ulinitoa machozi.

Kanitazama. Akasema ajabu, mwisho aliuandika watu wacheke. Ni sehemu gani hiyo iliyoniliza? Nikasema ngoja nilete kitabu nikuonyeshe.

Niko chumbani. Sura ya mwisho ni fupi, ningekuwa nimeshaimaliza. Badala yake nimekilaza kitabu magotini, naandikia juu yake. Lazima nimwambie ukweli. Leo hii. Akishakunywa chai.

Nyayo! Anasema nisihangaike kukileta, anakuja na kalamu anisainie nakala yangu. Karatasi hii naichomeka upesi pale ambapo hakuna atakayeiona: ndani ya kitabu.