Kamati ya Njia ya Nyuma

Serikali haiogopi jambo lolote. Ndiyo maana Idara yetu ya Uratibu wa Usalama wa Faragha, iliyoko ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti katikati ya Nairobi, ilitangaza kwa fahari kuundwa kwa Kamati ya Usalama wa Wanaoanza. Wanaoanza nini, tangazo halikusema. Mimi, Lenox Obuya, katibu wa kamati, ndiye niliyeliandika, na ninathibitisha kwamba kutosema huko kulihitaji ustadi mkubwa.

Aliyeleta jambo lenyewe ni Daktari Kamene. Ana kliniki Kangemi, na asubuhi moja alipanda ngazi zetu zote akafika akihema.

"Mkurugenzi, kuna watu wazima wanajaribu ngono ya njia ya nyuma," alisema hata kabla ya kuketi. "Wengi ni mke na mume. Wameona kwa simu wakafikiri ni rahisi hivyo. Wanaumia, halafu wanaona haya kuja kliniki. Naomba karatasi moja tu ya maelezo, kwa lugha ya kawaida."

Mkurugenzi Mbuthia ni mtu wa Waithaka, mzee wa kanisa, mwenye nyumba za kupangisha mtaa wa Satellite. Hajawahi kutoa neno kinywani bila kulivalisha suti kwanza. Alifumba macho kwa muda. Nilidhani anaomba, kumbe anatafuta istilahi.

"Daktari," alisema, "suala tajwa ni nyeti. Haliwezi kuandikwa kabla halijapewa jina. Na haliwezi kupewa jina bila kamati."

Basi tukakaa. Mshauri wetu wa sheria alituma salamu kwamba jambo hilo halipo nchini, na kwamba lifanyike kwa uangalifu. Afisa wa mawasiliano, Bi Stellah, alipendekeza "Eneo la Kusini", likakataliwa kwa sababu watu wa kusini wangelalamika. Mtu akasema "Ukumbi wa Nyuma". Daktari Kamene akasema, "Si tuseme tu inavyoitwa?" Chumba kikapoa kama chai ya ofisini. Mkurugenzi akamwomba aondoe kauli yake, naye akaiondoa, lakini kwa uso uliokuwa bado unaisema.

Hatimaye tulipitisha "Njia ya Nyuma". Bango likachorwa mlango wa mbao, tena umefungwa kwa sababu za maadili, na chini yake maneno: NJIA YA NYUMA: USALAMA WAKO NI JUKUMU LETU. WANAOANZA WOTE MNAKARIBISHWA. Tukabandika mabango hayo kuanzia Kangemi hadi Waithaka.

Siku ya baraza tuliloitisha kwa wananchi, ukumbi wa Kangemi ulijaa pomoni. Mkurugenzi alifurahi sana. Alisoma hotuba ndefu kuhusu mikakati, wadau na mwelekeo, bila kuinua macho hata mara moja, kisha akakaribisha maswali.

Wa kwanza kusimama alikuwa Oloo, mwenyekiti wa watu wa bodaboda, akiwa na helmeti kwapani.

"Mheshimiwa, sisi tunatumia hiyo njia ya nyuma kila siku. Hasa asubuhi, mbele kukiwa na jam. Shida ni moja. Ni nyembamba, na mvua ikinyesha inateleza mbaya."

Ukumbi ukapiga makofi. Daktari Kamene akajifunika uso kwa mkono.

"Tunaomba itanuliwe," Oloo akaendelea. "Na iwekwe taa."

"Itatanuliwa," alisema Mkurugenzi, aliyekuwa amezoea kuahidi. "Kwa awamu."

Nilianza kuona kwamba mawasiliano yetu yalikuwa yamefaulu kupita kiasi. Wengine walilalamikia mawe ambayo kanjo, yaani askari wa jiji, walimwaga huko. Mama mmoja alitaka kujua kama vibanda vya mboga vilivyo kando ya njia ya nyuma vitabomolewa. Mkurugenzi alimhakikishia kwamba hakuna kibanda kitakachoguswa. Tungemaliza hivyo, kila mtu akaenda nyumbani ameridhika, kama kijana mmoja mwembamba hangenyoosha mkono. Aliitwa Nashon, fundi wa mabomba. Kando yake aliketi mkewe, Maurine, anayeuza dagaa wa omena sokoni.

"Mimi niko na rafiki," alianza Nashon. "Sasa huyo rafiki na bibi yake walisoma bango wakaelewa ile ingine."

"Ile ingine gani?" akauliza Oloo.

"Ile ya kwa nyumba."

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele kama wimbi. Nashon akajikaza. "Walikuwa wanajaribu mara ya kwanza. Walitumia kondomu na mafuta ya kupikia. Ikapasuka. Sasa huyo rafiki—"

"Rafiki gani, Nashon?" Maurine alisimama. "Ni sisi. Ilikuwa juzi. Tulikubaliana wote wawili, hakuna mtu alilazimishwa. Niliumia, nikatoka damu kidogo. Na hatujui kama tuko sawa, sisi wote, kwa vile hatujapimwa tangu tuoane. Nimeenda duka la dawa, yule wa kaunta akaita mwenzake waje wanicheke. Leo nimekuja kwa serikali. Mkitaka kucheka pia nyinyi, chekeni haraka mniambie nifanye nini."

Hakuna aliyecheka.

Mkurugenzi alisafisha koo. "Swali la mama limepokelewa. Litachambuliwa na kamati ndogo, na majibu yatatolewa katika kipindi cha—"

"Virusi havingoji kamati ndogo," alisema Daktari Kamene, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mkurugenzi. Nilijaribu kumkumbusha utaratibu kwa kukohoa. Hakukoholeka.

"Maurine, umefanya vizuri kuja. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, lakini lazima zianzwe kabla siku tatu hazijaisha tangu tendo, na mapema ndiyo bora. Tukitoka hapa, wewe na Nashon mnaenda na mimi mpimwe na muanze leo. Hiyo damu pia nitaiangalia. Umesikia?"

Maurine akaitikia kwa kichwa, akaketi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nashon akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo nadhani hajawahi kulifanya Kangemi.

"Na nyinyi wengine," Daktari akaendelea, "hapa hatuzungumzii barabara. Tunazungumzia mkundu."

Neno lile lilitua ukumbini kama sufuria kwenye sakafu ya saruji. Bi Stellah alishika rozari. Mkurugenzi alitazama dari akitafuta mlango wa dharura. Hata hivyo, paa halikuanguka, na nililichunguza kwa makini.

"Kila mtu hapa anao, na ni kiungo cha heshima kama kingine," alisema Daktari. "Ngozi ya ndani ni laini, na huko hakujilainishi kwenyewe kama mbele. Ndiyo maana kunachanika upesi, na ndiyo maana virusi hupitia huko kwa urahisi zaidi. Mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, yote yanaharibu kondomu. Tumieni kilainishi cha maji, na kwa wingi. Msiwe na haraka. Ikiuma, simameni. Msipake dawa ya ganzi, kwa sababu maumivu ndiyo yanakuambia unaumia. Ukitoka nyuma usiende mbele na kondomu ileile, utampelekea mwenzako ugonjwa. Damu ikitoka nyingi, au maumivu yakikataa kuisha, njoo kliniki. Sitaita mtu akucheke."

Watu walikuwa wametoa simu wanaandika. Oloo alikuwa ameweka helmeti chini ili aandike vizuri.

"Lakini kabla ya hayo yote," alisema Daktari, "kuna kukubaliana. Maurine amesema walikubaliana. Hapo ndipo usalama unaanzia. Kama mmoja hataki, basi hakuna. Kuna swali?"

Mama mmoja mwenye sweta ya kijani alisimama pale nyuma. Alisema anaitwa Wahu, na ametoka Waithaka.

"Daktari, mume wangu amekuwa akiniomba hayo mambo. Nilimwambia sitaki, akasema nisiwe kikwazo kwa maendeleo. Nikamwambia itaniumiza, akasema hizo ni changamoto za kawaida za awamu ya kwanza."

Mkurugenzi, ambaye alikuwa bado anatazama dari, aliacha kuitazama.

"Je, amewahi kukuuliza kama unataka?" aliuliza Daktari.

"Kuniuliza? Ananihamasisha tu. Juzi alinitolea mada."

"Basi mwambie jibu lako linatosha. Kwa kitu usichotaka hakuna kilainishi. Na kama haelewi, mlete kliniki nimweleze mwenyewe."

"Nimlete wapi tena," alisema Wahu. "Huyo hapo kando yako, mwenye tai."

Nimefanya kazi serikalini muda mrefu na nimeshuhudia ukimya wa aina nyingi. Ule ulikuwa mpya. Hata watoto waliokuwa wakichungulia dirishani waliacha kutafuna miwa.

Mkurugenzi Mbuthia alisimama taratibu, akarekebisha tai, akatafuta istilahi. Nilimwona akiitafuta. Haikuwepo.

"Mama Janice," alisema hatimaye, "suala hili lina upana wake. Ningependekeza liahirishwe hadi kamati ikae."

"Kamati ni mimi na wewe, Baba Janice," alisema Wahu, bila kupandisha sauti. "Imeshakaa. Jibu ni hapana."

Utaratibu unanitaka, kama katibu, niulize kama kuna anayeunga mkono azimio. Niliuliza. Ukumbi mzima ulinyoosha mikono, na Mkurugenzi, alipoona amebaki peke yake, naye akanyoosha.