Ndoo Ndani ya Ukuta

Jumatatu, 4 Machi

Nimeiota tena ile supu. Si mke, si watoto, si mvua ya kwetu. Supu! Nimeamka mto umelowa. Shemeji, kaka wa mke wangu na fundi mwenzangu, ambaye tunalala naye chumba kimoja hapa kambini, akaniuliza ninalia nini. Nikamwambia hayo si machozi, yametoka mdomoni.

Chanzo ni mjengo ule wa zamani, nchi nyingine kabisa. Palikuwa na mpishi Mthai, tukimwita Mama Supu. Tomu yamu yake, supu ya kamba ya kwao! Nyekundu, ya moto, chachu. Kamba wamejikunja ndani yake kama watoto waliolala. Mchaichai. Majani ya ndimu. Ukinywa kijiko cha kwanza, sikio la kushoto linazibuka. Cha pili, la kulia. Cha tatu, unasikia sauti za watu wa kwenu wakipiga soga uani.

Hapa tunapewa kabichi ya kuchemsha. Jana kabichi. Leo kabichi. Ya kesho sitaki kuijua.

Habari kubwa: Nyapara ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atakagua kuta zote. Fundi mwenye ukuta safi kuliko wenzake atakwenda likizo nyumbani. Wengine tutasubiri mpaka jengo liishe, na jengo lenyewe halina haraka. Mwanangu wa mwisho nilimwacha hajaota meno. Juzi kwenye simu aliniuliza mimi ni mjomba gani. Likizo hiyo ni yangu. Nimeapa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamua kuipika supu mwenyewe. Mpishi wa kambi amenipa ndimu na pilipili, akisema labda zitaniziba mdomo. Mchaichai umepandwa mbele ya ofisi kama maua. Nimeupunguza. Kamba na majani ya ndimu nimevisamehe; kilichobaki ni kimoja tu, mchuzi wa samaki, ule wa chumvi unaotiwa kwa matone. Bila huo, hiyo si supu, ni maji ya moto yenye majani.

Fundi Vigae kanicheka. Huyu ndiye adui yangu wa karibu. Tuna ukuta mmoja: upande wa korido napiga lipu mimi, upande wa bafu anabandika vigae yeye. Naye ana uchu wake. Mkate wa mviringo, nyama ya kusaga katikati, jibini imeyeyuka juu inavutika kama uzi. Anausimulia amefumba macho, kigae mkononi. Nikamwambia hicho ni chakula cha vibogoyo. Akasema supu yangu ni maji yaliyooshewa samaki. Tukanuniana mpaka jioni.

Mama Supu aliwahi kunieleza mchuzi ule unavyotengenezwa. Samaki wadogo, chumvi, joto, na subira ya mwaka mzima. Mwaka! Masikini, hakuwa fundi. Ukitaka lipu ikauke upesi, unaongeza joto. Samaki nao vivyo hivyo.

(Ni kweli lipu ikikaushwa hivyo hupasuka. Lakini samaki atapasuka wapi?)

Alhamisi, 7 Machi

Samaki wamepatikana. Nimewachanganya na chumvi kwa koleo, tatu kwa moja, kama mchanga na saruji. Nimewajaza kwenye ndoo yangu ya kazi, ile niliyoiandika kwa rangi nyekundu jina wanaloniita hapa: NDOTO. Nikafunika, nikakaza kwa waya.

Mahali pa joto? Nina akili mimi! Ndani ya ukuta wetu kuna uwazi mwembamba wa mabomba, na bomba la maji ya moto linapita humo. Ndoo imeingia kama vile mchora ramani naye alikuwa na hamu ya supu. Nimejenga mbele yake. Tofali moja nimeliacha bila saruji. Kesho nitalipitia kwa lipu nyembamba tu, wiki ijayo nalichomoa, nachota mchuzi, nalirudisha. Fundi Vigae upande wa pili anapiga mluzi. Hajui kitu!

Ijumaa, 8 Machi

Balaa!

Nilianza vizuri. Lipu ya leo ilikuwa laini, nyeupe, nzito kama tui la kwanza. Nikaikoroga. Nikaona mvuke. Nikamwona Mama Supu anapuliza kijiko, kamba wanaelea, mimi mwenyewe naelea, mkono unakwenda na mwiko unarudi. Sijui nilikaa huko muda gani. Nilipozinduka, ukuta wote ulikuwa umekwisha. Wote! Hauna mstari, hauna kovu. Tofali langu liko wapi? Nimegonga huku na kule kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Kila mahali panajibu sawasawa.

Nyapara akapita. Akaupapasa ukuta kwa kiganja. Kisha akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuona ukuta kama huu, na kwamba kama mambo ni haya, Ndoto, anza kufunga mizigo taratibu.

Nimefurahi. Nimesikitika. Tumbo na moyo haviongei.

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia mama watoto, nikamwambia likizo imekaribia. Alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Akauliza nikifika anipikie nini, chochote, niseme tu. Mdomo ukanitangulia. Nikasema: supu ya yule Mthai.

Akauliza Mthai gani. Kabla sijajibu, Shemeji akaisogelea simu, akapaza sauti: “Dada, anamwota kila siku! Mto unalowa!”

Msaada gani huo, jamani? Mama watoto akasema basi nibaki huko huko na huyo wa supu. Akakata. Shemeji anasema alitaka kunitetea.

Jumatano, 13 Machi

Kuna harufu koridoni.

Jana ilikuwa fununu. Leo ni tangazo. Watu wanapita wamejiziba kwa fulana. Asubuhi nimesikia ukuta ukisema “pu!” Mfuniko, bila shaka. Nimekohoa kwa nguvu ili kuufunika mlio huo.

Wapo wanaosema ni panya, wapo wanaosema ni kabichi. Nyapara ana hakika ni bomba la maji machafu limepasuka nyuma ya vigae vya bafuni. Fundi Vigae ameapa kwamba mabomba yake ni mazima. Akanitazama kama anayeomba ushahidi. Nikatazama dari. Dari nzuri.

Nimewaza jioni yote kitandani. Nikisema, ukuta utavunjwa na likizo imekwenda. Nikinyamaza, pengine harufu itachoka. Ila niseme kweli: nikivuta pumzi taratibu, chini kabisa ya uvundo ule, kuna jiko la Mama Supu. Mbali, kama redio ya jirani. Nimelala nikitabasamu. Shemeji kalala na taulo usoni.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya ukaguzi.

Nyapara amefika na kitambaa puani. Akaamuru vigae vivunjwe. Fundi Vigae akasihi: vigae vile alivipanga wiki nzima, naye ana mama mgonjwa nyumbani. Sikulijua hilo. Hakuwahi kusema, kazi yake ni jibini tu. Nyapara akasema vunja. Na kwa kuwa mimi nilisimama karibu, nikapewa nyundo mimi!

Nikapiga polepole. Nyapara akauliza ninabembeleza nini. Nikapiga kwa nguvu. Kigae, kigae, tofali. Kisha nyundo ikazama mahali laini, na ukuta ukatutapikia. Sina neno jingine. Mchuzi ulitoka kwa kasi, ukampata Nyapara kuanzia tai hadi viatu. Lipu yangu, ile lipu yangu, ikapasuka toka juu hadi chini, ikalala koridoni kama blanketi. Ndani ya uwazi, ndoo ilikuwa imesimama, maandishi yametugeukia.

Nyapara akauliza ni ya nani. Shemeji akainama, akasoma taratibu, akafurahi kama aliyeokota kitu: “Si ndoo yako hii, shemeji? Uliitafuta sana!”

Likizo kapewa Shemeji. Ukuta wake umepinda, lakini haunuki.

Jumapili, 17 Machi

Tumepewa adhabu ya kuujenga ukuta upya, mimi na Fundi Vigae. Nilimwomba radhi. Akamaliza kuokota vipande vya vigae vyake. Kisha akaniambia nimfuate.

Nyuma ya mjengo, mtaa wa pili tu, kuna kaduka. Nimekapita mara ngapi sijui. Muuzaji mama mmoja mpole, na nyuma ya kichwa chake, mstari mzima wa chupa. Mchuzi wa samaki! Majani ya ndimu! Kamba kwenye barafu! Fundi Vigae alikuwa anakajua siku zote. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, kwani uliuliza? Ulisema mimi ni kibogoyo.

Tumepika kwenye jiko la kambi. Mpishi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kijiko cha kwanza, sikio la kushoto likazibuka. Cha pili, la kulia. Cha tatu nilikishika mdomoni nikiwa nimefumba macho. Nikaisikia sauti ya mama watoto. Ilikuwa inaniuliza, anipikie nini?

Nimempa Shemeji chupa moja ampelekee. Nimemwambia amweleze dada yake kwamba Mama Supu ni bibi mwenye wajukuu. Amekariri njia nzima ya kwenda stendi. Kesho kutwa nitajua kafikisha nini.

Jumatano, 20 Machi

Shemeji kafika salama. Amefikisha kwamba nina wajukuu na bibi Mthai. Simu haipokelewi.

Lakini yapo ya heri! Nyapara amesema ukuta ukirudi kuwa kama ule wa kwanza, mmoja wetu atapata likizo, na mwingine atafuata nyuma yake. Tumeshikana mikono, mimi na rafiki yangu. Nitakwenda mwenyewe kueleza.

Leo tumefika kwenye uwazi wa mabomba. Tukasimama kidogo. Bomba lina joto zuri. Fundi Vigae akasema, kwa sauti ya mtu aliye mbali, kwamba jibini ya dukani haivutiki. Inayovutika ni ya kugandishwa polepole, mahali pa joto, pasipo na upepo. Nikamuuliza kama inanuka. Akaapa kwamba maziwa hayajawahi kunuka.

Ndoo tumetumia ya kwake.

Na safari hii nimekuwa mwangalifu. Tofali lisilo na saruji nimelitia alama kubwa ya chaki, hata kipofu angeliona. Kisha nikapiga lipu juu yake, laini, nyeupe, kama tui la kwanza.